Yah: Ombi la Kupimiwa Mpaka Kati ya Baa na Bembea

Kwa Mamlaka Husika,
Popote mlipo.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa tamko lenu la sikukuu. Limetoka kwa wakati, limesomwa kwa ukali ule ule, na halikupungua hata nukta: wazazi msipeleke watoto baa, disko toto ni marufuku, atakayekaidi asitulaumu. Tumelisikia Iddi, tutalisikia Krismasi na Mwaka Mpya, na ikifika Pasaka mwanangu wa darasa la tatu atakuwa amelikariri kiasi cha kuwasomea lote bila kushuka kwenye bembea. Bembea yenyewe, kwa taarifa yenu, iko baa.

Sina ugomvi na tamko. Hata mimi sitaki mwanangu akutwe saa nne usiku kati ya spika mbili, akifundishwa matusi na mzee ambaye timu yake imefungwa. Saa nne usiku mtoto ana kitanda. Ninayoiandikia mimi ni saa nane mchana. Ni Iddi pili, au ile wiki ya Desemba ambayo wifi yangu ameshuka na treni kutoka Dar akiwa na wanawe, nyumba imejaa mabegi, umeme umekatika, bati linaoka sebule, na watoto wamesimama mlangoni viatu miguuni, wanauliza leo tunatoka kwenda wapi.

Naomba mnisaidie kuwajibu.

Shuleni? Geti limefungwa, ni likizo, na mlinzi ana maelekezo. Uwanja wa mpira upo, ila hauna mti hata mmoja, na jua la Dodoma mnalijua, ingawa mnalijua kupitia kioo cha gari. Wapo kati yenu watakaosema bembea ni mambo ya kizungu, watoto wacheze rede na kombolela uani kama tulivyocheza sisi. Uani kwetu kuna wapangaji wengine, kamba za nguo na jiko la mkaa la mama wa chumba cha mwisho. Kombolela ya mwisho ilimalizikia kwenye sufuria lake la maharage.

Lipo pia lile eneo la wazi la mtaani kwetu, ambalo kwenye mchoro wa mipango miji limeachwa kwa ajili ya michezo ya watoto. Mchoro nimeuona kwa macho yangu. Sasa hivi hapo pana safu ya fremu: vifaa vya simu, saluni, wakala wa pesa, na fremu ya mwisho, ile pana yenye uwanja nyuma, ni baa. Kwa hiyo, waheshimiwa, kwa mujibu wa ramani, watoto wangu hawako baa. Wako uwanjani. Baa ndiyo iliyowafuata.

Mambo ya michoro kwetu hayakuanza leo. Makao makuu ya nchi yenyewe yalipochorewa mpango na wataalamu kutoka Canada mwaka 1976, yaliwekewa njia za waenda kwa miguu na maeneo ya kijani. Mchoro ulikuwa mzuri sana. Watoto waliokuwa wacheze humo sasa wana wajukuu.

Wala sisemi Chamwino yetu imesahaulika. Mwalimu Nyerere alikuja kufyatua matofali na wazee wetu enzi za vijiji vya ujamaa. Mwaka 2020 marais wastaafu walikabidhiwa tausi hapa hapa, na tarehe 20 Mei 2023 ikazinduliwa Ikulu mpya, inapendeza kweli kweli. Ikulu tunayo. Bembea bado iko kwenye upembuzi yakinifu.

Niwaelezee hiyo baa, maana wengine mtasema hamjawahi kufika. (Gari jeupe lenye namba zinazoanza na ST, ambalo Jumapili hupaki chini ya mwarobaini, ni la nani, mimi sijui. Najua tu kwamba hushuka humo watoto wawili, na huwa wameshaifikia bembea kabla dereva hajazima injini.) Ina miti ya kivuli, viti vya plastiki, jiko la nyama, choo chenye maji, na ukuta uliopakwa rangi za kampuni ya bia kutoka msingi hadi kenchi. Familia inayotoka Dar kwenda Singida na gari lake, ikifika kwetu hutafuta kivuli, choo na chipsi, na vyote vitatu inavikuta chini ya rangi hizo. Nyuma kuna tairi la gari dogo lililoning'inizwa kwa minyororo, na mtelezo wa bati ambao mchana huunguza mapaja. Ukutani fundi ameandika kwa rangi nyekundu: MICHEZO YA WATOTO IPO. Chini yake, kwa mkono ule ule na brashi ile ile: WATOTO CHINI YA MIAKA 18 HAWARUHUSIWI. Herufi za mstari wa pili zimebanana kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Inaonekana mlipita rangi ya mstari wa kwanza ikiwa imeshakauka.

Hapo sasa ndipo lilipo ombi langu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 17, haina utani: mwenye baa na aliyeajiriwa humo hawatakiwi kumruhusu mtoto kuingia. Leseni ya vileo imebandikwa kaunta, ina muhuri wenu, ada mmepokea. Kilichobaki ni kujua baa inaishia wapi. Ni kaunta peke yake? Ni hadi kiti cha mwisho chenye mtu anayekunywa? Au ni hadi unapoishia muziki, maana hapo itabidi mkamate mtaa mzima pamoja na wagonjwa wa zahanati? Kwa heshima na taadhima naomba mtume mpima ardhi, aje na vifaa vyake, atuchoree mstari.

Mstari uwe wa njano. Uanzie kwa mchoma nyama, ukatize katikati ya viti, uishie kwenye nguzo ya bembea. Mashariki ya mstari paitwe Baa, magharibi paitwe Bustani ya Familia, na zichimbiwe bikoni za zege ili mwenye baa asiusogeze usiku. Meza yetu iwekwe juu ya mstari wenyewe: baba watoto akae mashariki na bia yake, mimi magharibi na soda yangu, ndoa iendeshwe kwa mazungumzo ya ujirani mwema. Mishkaki ikitoka jikoni ipite kwenye kituo cha pamoja cha forodha, kama kile cha mpakani Namanga, ikaguliwe isije ikawa imenyunyiziwa bia, igongwe muhuri, ndipo iwafikie watoto ikiwa imepoa vizuri. Mtoto atakayebanwa na haja, kwa kuwa choo kiko mashariki, apewe hati ya dharura ya kusafiria, asindikizwe na mgambo, arudishwe akiwa amenawa mikono. Chipsi zitakazodondoka mstarini ziamuliwe na kikao cha ujirani.

Kazi iko kwenye bembea. Mtoto akirudi nyuma yuko bustanini, raia mwema. Akija mbele, nyayo zinaingia baa kwanza, zinafuata goti, na akifika juu kabisa, pale anapopiga kelele kwa furaha, mwili mzima umo ndani ya baa kinyume cha sheria za nchi. Anarudi nyuma, anatii. Anakuja mbele, anavunja tena. Napendekeza awepo afisa mwenye saa ya kuhesabia, ajumlishe muda ambao kila mtoto amekaa baa akiwa hewani, na jioni atoe namba ya malipo tulipe kwa simu. Wanaobembea taratibu wapewe punguzo. Atakayeruka kutoka kwenye tairi na kutua mashariki afikishwe kwa afisa wa zamu, ambaye Jumapili hupatikana huko huko mashariki, meza ya pili kutoka kaunta.

Fedha za kazi hii najua zitapatikana. Za semina zilipatikana.

Mtaona kama natania. Kuhusu disko toto sitanii. Tabora, tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Iddi, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukanyagana na kukosa hewa ndani ya ukumbi wa disko. Walikwenda kusherehekea. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto, na tangu hapo hakuna sikukuu inayopita bila tamko. Sawa. Ukumbi ule usirudi tena, na sitamtetea mtu yeyote anayejaza watoto gizani kwa ajili ya kiingilio. Lakini mtoto ukimwambia asiende huku, unamwambia aende kule. Kule hamjawahi kukutaja. Kila mwaka mnafunga mlango, mnapigwa picha mbele ya kufuli, mnaondoka na posho. Mlango mliofungua ni upi? Nitajieni mmoja tu, hata kama uko Kongwa, nitapanda basi niwapeleke watoto.

Na kuna mtoto ambaye tamko lenu halimwoni kabisa. Umri wake ni kama wa mwanangu. Huja jua likizama, ana ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo, chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti. Anapita meza kwa meza. Anamenya yai haraka kuliko mtu mzima, analipasua kwa kisu kidogo, anatia pilipili, anasubiri chenji ambayo wakati mwingine haiji. Anajua kwa kumtazama mtu usoni nani amelewa kiasi cha kutoa pesa nyingi na nani amelewa kiasi cha kumpiga kofi. Saa nne usiku, ile saa ambayo wangu amelala, yeye ndoo yake haijaisha. Mgambo walipokuja Iddi kutimua watoto, waliwatimua waliokuwa wamekaa na mama zao. Huyu hawakumtimua. Walinunua mayai kwake, wakataka waongezewe kachumbari. Labda mlidhani ana kitambulisho cha mjasiriamali.

Vijijini sitaki hata kuwauliza. Huko pombe ya ujimbi inapikwa uani kwa bibi na kilabu ni uani hapo hapo, na mjukuu ndiye anayechota maji ya kupikia. Huyo mtamtoa baa mumpeleke wapi, barabarani kwenye malori?

Samahanini, nirudi kwenye adabu.

Maombi yangu mengine ni madogo. Tamko lirekodiwe mara moja, lipigwe kila sikukuu kwa spika ya gari, muokoe muda wa vikao. Tangazo la kukataza watoto lishushwe hadi usawa wa macho ya mtoto, maana ndiye anayekatazwa. Mhudumu wa baa, ambaye kisheria yumo katika orodha ya wakosaji na ambaye kwa kweli ndiye anayewafuta watoto wetu kamasi na kuwaondoa karibu na moto huku mikono yake imejaa chupa, apewe cheti. Na ile fremu ya saluni ikibaki wazi, msimtafute mpangaji kabla hamjatuuliza sisi.

Kuna fundi wa kuchomelea pale barabarani. Nilimuuliza bembea ya chuma ya kuzikwa ardhini, yenye viti viwili na mnyororo mzito, itagharimu kiasi gani. Akanitajia. Nikamuuliza tena, nikidhani nimesikia vibaya, maana nilikuwa nimezoea kusikia kwamba bajeti haitoshi. Ukiongeza miche michache ya mwarobaini, bomba moja la maji na choo cha matundu mawili, bado sioni kama itazidi gharama ya turubai, viti vilivyopambwa na maji ya chupa ya mkutano mmoja wa kutoa tamko. Hatutahitaji mgeni rasmi wa kuizindua. Watoto wataizindua wenyewe, saa hiyo hiyo, na hakuna atakayeomba hotuba.

Nasubiri majibu. Utaratibu naufahamu: mtaniita ofisini siku ya kazi, saa mbili asubuhi, nikae kwenye benchi hadi mhusika atoke kikaoni. Nitakuja. Ila sasa ni likizo, dada anayenisaidia kazi amekwenda kwao Kondoa, na watoto sina pa kuwaacha, kwa hiyo nitakuja nao wote, pamoja na wa wifi. Naomba mnijulishe mapema kama hapo ofisini wanaruhusiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa watoto watatu,
Chamwino, Dodoma.

Nakala: Mwenye baa – usipake ukuta tena hadi mpima ardhi afike.