Mlango wa Nyuma Uko Wazi

"Washa indiketa ya kushoto," alisema trafiki pale Makutano. Nikawasha, na waipa zikaanza kufagia kioo kikavu. Akasogea karibu. "Mzee, nimesema indiketa." "Ndiyo, afande," nikajibu, nikakisukuma tena kijiti, na sasa honi ikalia. Haikuwa pii ya salamu. Ilishika sauti moja ikakaa nayo, mpaka abiria wa Hiace ya Bunda wakatoa vichwa madirishani na mama muuza ndizi akaziba masikio.

Pembeni yangu aliketi mama mkwe. Nilikuwa nimemchukua Butiama kumpeleka Musoma kwa binti yake, na njia nzima tulizungumzia mvua na afya tu, kama inavyopasa kati yangu na yeye. Amevaa kitenge kipya, mkoba mapajani, macho mbele. Honi ilipoanza hakusema kitu. Alikaza mkoba.

Nikashuka nifungue boneti nichomoe waya wowote utakaonyamazisha aibu ile. Nilipoufunga mlango nyuma yangu, loki zote nne zikajifunga kwa pamoja: tak! Ufunguo uko kwenye swichi, injini inanguruma, waipa zinafagia, honi inalia, na mama mkwe yuko ndani peke yake. Nikazunguka upande wake nikaanza kumwelekeza kwa ishara kupitia kioo: vuta kile kidude, hapana, kile kingine. Jaribuni siku moja kumwonyesha mama mkwe ishara za mikono barabarani mbele ya watu. Alipapasa chini, akapata mkono wa kulazia kiti, akauvuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyelima mihogo maisha yake yote. Kiti kikaanguka nyuma. Mama mkwe akatoweka.

"Mama yuko wapi?" akauliza trafiki, kwa sauti ya mtu anayeanza kufikiria mashitaka.

Ndani kukawa kimya kwa muda, mbali na honi. Kisha mkono mmoja ukainuka, ukashika kitasa, mlango ukafunguka. Akashuka, akanyoosha kitenge, akafunga kilemba upya bila haraka, akanitazama. "Mkwe wangu," alisema, "ungeniambia tu kwamba hutaki nifike." Akapanda Hiace. Trafiki naye hakuniandikia faini. Alisema hajui aanzie kosa lipi.

Pikapu za zamani hazikuwa na visa hivi. Umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukapita kwenye swichi yenyewe, ukafika kwenye taa. Taa isipowaka unaufuata waya kwa kidole mpaka ulipokatika. Siku hizi kijiti cha indiketa hakibebi umeme wa taa kabisa, kinapeleka ombi tu. Ombi linapokelewa na kompyuta ya bodi, ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi, nayo ndiyo inayoamua kupeleka umeme kwenye taa, waipa, honi, loki na vioo. Hata ule mlio wa tik-tak mnaousikia mkikata kona, zamani ulikuwa wa rilei inayofunga na kufungua. Kwenye magari mengi ya sasa rilei hiyo haipo tena, na tik-tak inapigwa na spika ndogo kwenye dashibodi ili dereva aridhike. Miaka yote hii nimekuwa nikiridhishwa.

Kinachobeba maombi kati ya boksi na boksi ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na hapa lazima nisimame kidogo, maana sijaona kitu kizuri namna hii tangu nianze kumiliki gari. Mfumo huu ulianza kubuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1983, ukatangazwa Detroit mwaka 1986. Nyaya zikitulia, kila mmoja una volti 2.5. Ujumbe ukipita, mmoja unapanda hadi 3.5 na mwenzake unashuka hadi 1.5, na kompyuta inasoma tofauti iliyopo kati yao tu. Zimesokotwa ili kelele za umeme wa starta au feni zikizigonga, zizigonge zote mbili sawasawa, na tofauti ibaki ileile. Fitina haipenyi. Halafu hakuna ujumbe unaopelekwa kwa mmoja kwa siri: ni mkutano wa kijiji, kila boksi inasikia yote na kuchukua linaloihusu. Wakianza kusema wawili kwa wakati mmoja, mwenye namba ndogo anaendelea na mwingine ananyamaza papo hapo, anasubiri, anarudia hoja yake bila kununa. Mikutano yetu ya kijiji haijafika huko.

Haya yote nilielezwa nikiwa nimekalia tairi bovu kwenye gereji moja ya Nyasho. Fundi ni kijana mdogo, nikimwita mura anacheka. Alichomeka ncha za mita kwenye soketi ya kupimia gari chini ya usukani, tundu la 6 na tundu la 14, akanionyesha kioo cha mita: omu 60. Kila mwisho wa njia ya nyaya zile kuna kizuizi cha omu 120, na viwili hivyo vikisoma pamoja ni 60. "Nyaya ni nzima, mzee. Mgonjwa ni mwingine." Akang'oa kifuniko cha plastiki pale abiria wa mbele anapowekea miguu, akachomoa plagi kubwa yenye pini nyingi, akaigeuzia kwenye mwanga. Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani, mbili zimelika hadi kwenye shina. Majani ya mwarobaini yameziba tundu la kutolea maji chini ya waipa, mvua imekosa pa kwenda, imepita kwenye raba ya nyaya, ikateremka na waya taratibu mpaka ndani ya boksi. Maji yakiunganisha pini ya indiketa na ya waipa, kompyuta inasikia waipa. Nayo ni tiifu mno.

Bei ya boksi mpya nilitajiwa kwa simu. Kwa bei ile, huku kwetu Mara mtu anaanza mazungumzo ya mahari. Tukaagiza ya mtumba Kariakoo, ikashushwa stendi ya Bweri ndani ya gazeti na selotepu nyingi. Fundi akaifunga. Indiketa ikawaka ilipoombwa, waipa zikatulia, honi ikawa na adabu. Kisha dashibodi ikalia ting, ting, ting, na maandishi yakatokea: mlango wa nyuma uko wazi.

Pikapu yangu haina mlango wa nyuma. Ina milango minne na bodi ya kubebea mizigo. Fundi akafungua geti la bodi akalibamiza. Ting. Jirani muuza vocha akaja akalibamiza kwa ujuzi zaidi. Ting. Mtu mmoja akaleta mpira wa kufungia mizigo, tukalikaza kama linabeba magunia ya dagaa. Ting. Ndipo fundi alipong'amua kwamba boksi ile ilitoka kwenye gari la familia la milango mitano, na ilikuwa bado inautafuta wa tano.

Na injini ikagoma. Kwenye ufunguo kuna chipu isiyo na betri; koili inayozunguka swichi inaiamsha kwa mawimbi ya redio, gari linauliza swali, chipu inajibu kwa hesabu ya siri. Jibu likikosewa, hakuna moto. Ulaya ilishurutisha magari mapya kuwa na kinga ya aina hii tangu 1998, na ni kinga nzuri. Tatizo ni kwamba boksi ya mtumba ilikuwa inasubiri jibu la ufunguo wa mtu mwingine.

Fundi akafanya upasuaji. Alifungua boksi zote mbili, akapuliza hewa ya moto juu ya chipu ya kumbukumbu ya boksi yangu ya zamani, kidude cha miguu 8 chenye urefu wa kama milimita 5, akakibandua kwa kibanio, akakihamishia kwenye ile ya mtumba. Humo ndimo mlimoandikwa namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, na funguo zinazotambulika. Umeme ulikatika katikati, akamalizia kwa jenereta ya saluni. Gari likawaka, na ting ikaisha.

Wiki hiyohiyo kioo cha nyuma kilishuka chenyewe Mwigobero na kugoma kupanda. Taa ya ndani ilikesha, ikamaliza betri. Redio imebaki na stesheni moja, ya ng'ambo ya ziwa.

Hayo nayavumilia. Nisichokivumilia ni kwamba upasuaji ule haukuwa wa lazima. Kuna njia halali: unaunganisha gari na mitambo ya mtengenezaji kwa intaneti, boksi inaandikwa upya, inakubali ufunguo wako. Lakini mlango huo una leseni ya kulipia, na gereji ya Nyasho haipewi. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walidai haki hiyo mwaka 2012, wakapata sheria inayowalazimisha watengenezaji kuzipa gereji za kawaida taarifa zilezile wanazozipa za kwao. Mwaka 2020 wakapiga kura tena, safari hii kuhusu data ambayo gari linairusha lenyewe hewani. Sisi tunanunua magari hayohayo, tunayalipia kodi, kisha kijana anayeyafahamu kuliko yeyote hapa Musoma anafanya kazi yake kwa kuvizia kama mwizi. Mwizi mwenyewe hapati taabu hiyo. Anavunja kioo na kuondoka na simu.

Kadi ya gari inasema mwenye mali ni mimi. Ndani ya boksi jina langu halimo. Kwa hiyo nimemwomba fundi aninakilie kumbukumbu ya ile chipu, nami nimeiweka kabatini pamoja na kadi. Kati ya hizo mbili, inayowasha gari si kadi.