Waraka kwa Wabunge wa Kenya: Mkiazima Sheria, Iazimeni Nzima

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu watoto wetu na mitandao ya kijamii. Kwamba walindwe, hatuna ubishi. Ndiyo maana tuliupokea vizuri mwongozo wa Mamlaka ya Mawasiliano wa Aprili 2025, unaozitaka kampuni zithibitishe umri wa watumiaji.

Swali ni moja: zitauthibitishaje? Kitambulisho cha taifa hutolewa mtu akifikisha miaka 18. Mtoto wa miaka 13 anayefanya kazi ya shule jioni hushika simu ya mama, yenye laini ya mama na M-Pesa ya mama. Ukiulizwa umri, utakaojibiwa ni wa mama. Mtoto atapita, na kampuni itajigamba kwamba imetii.

Huenda mkavutiwa kuiga Australia, ambayo tangu tarehe 10 Desemba 2025 imewazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za TikTok, Instagram na nyinginezo. Tafadhali isomeni sheria ile mpaka mwisho. Faini, inayoweza kufika dola milioni 49.5 za huko, hutozwa kampuni. Mtoto na mzazi hawaadhibiwi. Kampuni haiwezi kudai kitambulisho cha serikali kama njia pekee, na taarifa zilizokusanywa kuthibitisha umri lazima ziharibiwe kazi ikiisha. Kuchukua namba 16 na kuviacha vifungu hivyo ni kununua mlango bila kitasa.

Hatari ya kukusanya vitambulisho bila ulinzi huo imekwisha kuonekana. Oktoba 2025 kampuni ya mtandao wa mazungumzo wa Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilifikiwa na wadukuzi, zikiwemo zilizotumwa kuthibitisha umri. Nywila ikiibiwa hubadilishwa, uso ulio kwenye kitambulisho haubadilishwi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Anzeni kwa kuitekeleza. Kisha zibaneni kampuni: akaunti yoyote mpya ianze ikiwa imefungwa kwa wageni, na malalamiko ya mzazi yajibiwe na binadamu, kwa Kiswahili. Hayo hayahitaji uso wa mtoto yeyote.

Mwongozo peke yake hauzinyimi usingizi kampuni tajiri. Tungieni sheria ambayo gharama yake italipwa na wanaochuma kwa watoto wetu, wala si watoto wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mpiga kura