Kosa la Nambari Kumi

Baba mkwe wangu aliandika programu za kompyuta katika kampuni moja ya bima mjini St. Louis, Marekani, tangu enzi za kadi za kutoboa zenye safu 80 mpaka usiku wa kuamkia mwaka 2000, alipokesha kazini kuhakikisha mashine hazidhani kwamba dunia imerudi 1900. Alfajiri akarudi nyumbani, akala mayai, akatangaza kustaafu. Kuanzia hapo hadi alipofariki alibaki na kazi mbili tu: familia yake na takwimu za besiboli. Sisi tuliokula naye meza moja tunajua kwamba ilikuwa kazi moja.

Kwa asiyeujua mchezo huo: besiboli husimama kila baada ya tendo. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga au anakosa, mtu anakimbia, kisha mambo yanatulia, na hapo ndipo karani anapoandika. Kandanda haina subira hiyo. Uandishi huu ulienezwa magazetini na Henry Chadwick, Mwingereza mzaliwa wa Exeter aliyehamia New York akiwa mtoto na kuingia kwenye besiboli akitokea kwenye kriketi. Ndiye aliyetuachia herufi K kuwa alama ya mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu. Walinzi nao wana nambari zao za kudumu: mrushaji ni 1, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, na kuendelea hadi 9, mlinzi wa pembe ya kulia. Ukiona 6-3, basi wa sita kauokota mpira, kamtupia wa tatu, na mkimbiaji katoka.

Nyumbani kila mtu alikuwa na nambari. Mama mkwe alikuwa 2, kwa sababu mdakaji ndiye peke yake anayeuona uwanja mzima kwa mbele, na ndiye anayegongwa na kila mpira uliopotea njia. Mume wangu alikuwa 6, wifi yangu 4. Nilipoolewa kutoka Tanga nikapewa 9. Mzee alinieleza kwa upole kwamba pembe ya kulia anawekwa mwenye mkono wa kutupa mbali. Wifi akaninong'oneza kwamba timu za watoto humficha huko yule asiyejua kudaka.

Kila chakula cha Jumapili kilikuwa na karatasi yake, imebanwa kwenye mlango wa friji, na karani alikuwa mzee mwenyewe. Sheria hakuzitunga, alizitoa kwenye kitabu cha ligi. Kitabu kinasema mlinzi huandikiwa kosa pale tu ambapo angeweza kufanikiwa kwa juhudi ya kawaida, na kwamba makosa ya kichwani, ya kusahau au kukadiria vibaya, kwa kawaida hayaandikwi kuwa makosa. Kwa hiyo kusahau chumvi kwenye wali halikuwa kosa. Kuangusha bakuli ulilokwisha kulishika barabara lilikuwa kosa. Mama mkwe alikata rufaa karibu kila wiki, na mzee alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akafungua ukurasa.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Kuna mradi wa kujitolea uitwao Retrosheet, ulioanzishwa mwaka 1989 na David Smith, profesa wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, ili kukusanya kumbukumbu za mechi za zamani tendo kwa tendo na kuzigawa bure kwa yeyote. Mzee alikuwa na maboksi ya karatasi alizojaza mwenyewe uwanjani tangu utoto, na nyingine alizorithi kwa wazee wenzake. Kila usiku alishuka na kikombe cha kahawa, akazigeuza kuwa alama za kompyuta: S7, mpira salama upande wa kushoto, 63, huyo katoka.

Ukimuuliza faida yake nini, alikuwa na kisa kimoja. Mpigaji Ty Cobb alisifiwa miaka mingi kwa mapigo salama 4,191. Kumbe mechi moja ya mwaka 1910 ilihesabiwa mara mbili. Mtafiti Pete Palmer akaligundua hilo, gazeti la The Sporting News likalichapisha 1981, na hesabu ikashuka hadi 4,189. "Cobb kafa 1961," alisema mzee. "Mtu yuko kaburini miaka 20, na bado anadaiwa mipira miwili. Sasa wewe unadhani yako haitafutwi?"

Lakini moyo wake ulikuwa kwa Stan Musial, aliyechezea Cardinals wa St. Louis maisha yake yote ya uchezaji na kustaafu 1963 akiwa na mapigo salama 3,630. Katika hayo, 1,815 aliyapiga nyumbani na 1,815 ugenini. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Siku ya harusi yetu wazee wengine walitoa nasaha ndefu; baba mkwe alisimama, akataja hesabu hizo mbili, akasema mume awe yule yule nyumbani na ugenini, akakaa.

Sasa tangi. Tangi la maji ya moto lilikuwa kwenye chumba kile kile, na tangu majira ya kuchipua mama mkwe alikuwa akimwonyesha kutu chini yake. "Nimeliona," alijibu kila mara, na kweli alikuwa ameliona. Jumamosi moja, tumekusanyika wote, tukasikia mshindo na kufuatia sauti ya maji yanayojimwaga. Tuliposhuka, maji yalikuwa yameshafika vifundoni, na maboksi, yaliyowekwa sakafuni kwa mpangilio wa miaka, yalianza kulegea kuanzia chini.

"Misimu ya sitini!" alipiga kelele mzee, suruali imekunjwa magotini. "Itoeni kwanza misimu ya sitini!"

"Na mimi nitolewe msimu gani?" aliuliza mama mkwe kutoka kwenye ngazi.

Tukaunda foleni, 6 akimpa 4, na 4 akinipa mimi. Kadi za kutoboa alizotunza kama ukumbusho zilivimba mpaka hazikutoka kwenye boksi. Karatasi zilizojazwa kwa wino wa kalamu ya maji ziligeuka madoa ya samawati. Zile za penseli, hata zikichuruzika maji, zilisomeka herufi kwa herufi: K, 6-3, S7, na pembeni jina la aliyekwenda naye uwanjani siku hiyo. Wino wa namna hiyo huyeyuka. Risasi ya penseli haiyeyuki. Mzee hakuwahi kushika kalamu nyingine uwanjani.

Tulikuwa tunatafuta kamba ya kuanikia alipotoa amri mpya. Karatasi iliyolowa huota ukungu baada ya siku mbili hivi, na watunza nyaraka huigandisha ili kununua muda. Friza kubwa ilikuwa gerejini. Ilikuwa imejaa pomoni: nyama ya msimu mzima, ravioli za kupakwa chenga za mkate zinazokaangwa kule St. Louis, nazi yangu ya kukunwa niliyoifuata mwendo wa nusu saa, na trei za sambusa nilizofunga kwa ajili ya Idi.

Mama mkwe alifika kabla yake, akakaa juu ya kifuniko.

"Mke wangu, ni historia hiyo."

"Na hii ni nyama."

"Nyama itanunuliwa."

"Na tangi je? Nalo lingenunuliwa."

Walikaa hivyo, yeye juu ya friza, mzee na boksi linalochuruzika kifuani, mpaka wifi alipouliza kuna mafuta kiasi gani jikoni. Hapo ikapatikana suluhu. Friza ikafunguliwa, historia ikaingia, na chakula chote kikapikwa usiku ule ule. Ravioli na sambusa zikaingia karai moja. Majirani wakaitwa, wakaja na viti vyao. Mmoja alichovya sambusa kwenye rojo ya nyanya ya ravioli, nikageuza uso. Maji ya kuoshea vyombo yalichemshwa kwa sufuria.

Usiku mwingi, mama mkwe alidai hukumu. Kosa la tangi ni la nani? Mzee alisema kusahau hakuandikwi. Mama mkwe akasema hakusahau, alikumbushwa. Kubadili tangi ni juhudi ya kawaida. Mzee akafikiri. Kisha akasema yeye ni nambari 10. Kwenye alama za Retrosheet, 10 ni mpigaji maalumu anayepiga kwa niaba ya mrushaji; hakai uwanjani kulinda, kwa hiyo hana namna ya kufanya kosa. Tulicheka sana, kwa sababu sheria hiyo, iliyoanza 1973 katika ile ligi nyingine, si ya Cardinals wake, aliilaani maisha yake yote.

"Leo umeikubali?"

"Ndani ya nyumba tu."

Akaacha nafasi ya kosa wazi, karatasi ikarudi kwenye mlango wa friji.

Siku tulipomzika, watu walipopungua, mwanangu aliitoa karatasi ile na kumpa bibi yake. Mama mkwe akaomba penseli, akaandika: E-10, kosa la nambari kumi.

"Bibi, 10 halindi," mtoto akasema. "Hawezi kuandikiwa kosa."

"Babu yako alikesha na homa za baba yako. Alidaka mikopo, alidaka shangazi yako alipoanguka kwenye mti, alinidaka mimi. Alikuwa uwanjani kila siku, na aliye uwanjani huandikiwa. Mwandikie."

Wifi alikata rufaa papo hapo: kutu huanzia ndani ya tangi, hakuna jicho linaloiona, hiyo si juhudi ya kawaida. Mume wangu akaenda kukitafuta kitabu cha sheria. Mama mkwe amekubali kusikiliza hoja, ila kwa sharti kwamba kila mwenye hoja aje Jumapili na afike kabla chakula hakijapoa.