Spana Namba 17 na Washauri Wake

Kumwaga oili ya pikipiki ni kazi ya robo saa, mradi uwe peke yako. Hapo ndipo penye kazi. Hapa Kihonda, Morogoro, ukitoka uani na spana namba 17 mkononi, umeitisha mkutano wa hadhara.

Pikipiki yangu ni Boxer, na Boxer haina siri. Unaiwasha dakika mbili tatu oili ipate moto iwe nyepesi, unafungua nati ya chini, unaiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, unafunga, unamimina mpya lita moja hivi. Basi. Kwa kuwa ni rahisi, kila mtu anaijua, na kwa kuwa kila mtu anaijua, kila mtu anasimama.

Wa kwanza Jumamosi ile alikuwa mzee wa dukani, aliyemiliki Honda enzi za Mwalimu na hajatusamehe sisi tuliokuja baadaye. Alichuchumaa, akachovya kidole kwenye oili, akakinusa.

"Mwanangu, weka oili ya gari. Ile nzito. Hizi za kwenu maji matupu."

Sasa, kwenye pikipiki nyingi klachi inaogelea katika oili ileile ya injini. Oili ya gari huweza kuwa na dawa za utelezi. Ni neema kwa gari, ila klachi ya pikipiki ikizinywa inaanza kuteleza, na ukifika mlimani injini inanguruma huku bodaboda wenye abiria wawili wanakupita. Nilikuwa nayajua yote haya. Lakini mtu uliyekwisha kumpa shikamoo unamwambiaje kwamba amekosea? Nikasema, "Nimesikia, mzee," nikaficha chupa yangu nyuma ya tofali.

Akapaki kijana wa bodaboda. "Braza, cheni yako inaning'inia."

Hapo alisema kweli. Cheni inatakiwa icheze kama sentimita mbili au tatu katikati. Yangu ilikuwa inabembea. Unalegeza nati kubwa ya ekseli, kisha unakaza skrubu za kuvutia tairi, huku na huku, ukihesabu alama zilizochongwa pembeni ili pande zote zilingane. Ni kazi ya mtu mmoja mwenye macho mawili. Boda akakamata kushoto, mzee akakamata kulia, kila mmoja kwa hesabu yake na kwa heshima kubwa kwa mwenzake. Walipomaliza, tairi la nyuma lilikuwa linakwenda Dodoma na la mbele Dar es Salaam.

Aliyefuata ni seremala. Yeye hakuja na ushauri, alikuja na ndoo.

"Hiyo oili chafu unaitupa?"

Anapaka nguzo za mbao zisiliwe na mchwa. Akaongeza, bila hila yoyote, kwamba kwa kawaida huinunua kwa fundi wangu. Nikasimama nikalitafakari jambo hilo. Yaani mimi namlipa fundi aniondolee oili, halafu seremala anamlipa fundi ampe oili. Mjini hapa sijaona biashara safi kuliko hiyo, na inafanyika chini ya mwarobaini bila hata kibao.

Si kwamba fundi huyo ni malaika. Akishafunga nati ya mwisho atasema, "Ngoja niijaribu kidogo," na jaribio hilo litarudi baada ya saa nzima, petroli imepungua na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Lakini benchi lake lina washauri wengi kuliko ua wangu, na nimemsikia akiwanyamazisha kwa maneno matatu: "Fundi nani hapa?" Ile shilingi 3,000 anayonidai naona sehemu kubwa ni bei ya swali hilo. Mimi kwangu siwezi kuliuliza. Wangejibu.

Jumatatu nikampelekea pikipiki. Akainama, akalitazama tairi, akaitazama cheni, akainuka taratibu kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa.

"Mwalimu, nani alikushikia hii?"

"Fundi mmoja wa kule stendi."

"Nilijua tu," akasema, akinyoosha mkono apewe spana. "Wale wa stendi wote kazi zao ndio hizi."