Sifa za Tope la Mandawa

Kila mwaka, Januari inapoishia au Februari inapoanza, maelfu ya watu wazima wenye akili zao timamu huko Ulaya huacha nyumba zenye joto, hupanda pikipiki na kwenda kulala kwenye theluji. Mahali penyewe ni Thurmannsbang-Solla, katika misitu ya Bavaria, Ujerumani. Mkutano huo ulianza mwaka 1956 na huitwa Mkutano wa Tembo, kwa heshima ya pikipiki moja nzito, Zündapp KS 601, ambayo wenyewe waliibandika jina la Tembo wa Kijani. Hakuna anayempeleka mgonjwa hospitali wala gunia la mahindi mashineni. Wanakwenda kuteleza tu, kuanguka, kuinuana na kuota moto, kisha wanarudi makwao na hadithi za mwaka mzima. Wapo waliozidi hata hao: hupachika kwenye matairi misumari inayokaribia sentimita tatu na kushindana mbio juu ya barafu, na wana michuano yao ya dunia tangu miaka ya 1960.

Majuma hayohayo vijana wa Mandawa wanacheza mchezo huohuo bila kombe wala mpiga picha. Nasema Mandawa hii yetu ya Ruangwa, inayopakana kwa undugu na Nachingwea, siyo ile ya Kilwa ambayo watu wa Dar es Salaam huichanganya nayo. Uwanja wetu ni tope. Pikipiki zetu ni za cc 125 au 150, za Kihindi na Kichina, na tembo wetu si jina la pikipiki, ni tembo kweli, anakula mahindi ya watu. Kwa kuwa theluji imekwisha kupata mashabiki wa kutosha, naona ni haki tope nalo lipate japo mtu mmoja wa kulisifu.

Watu wa mjini hudhani tope ni tope. Hawajui kwamba lina vyeo. La Desemba, mvua za kwanza, ndilo lenye hila kuliko yote, maana halionekani. Ardhi chini bado ngumu kwa jua la miezi saba, na juu yake pamelowa unene wa ukucha tu. Udongo wa mfinyanzi una chembe bapa, ndogo mno. Maji yakiingia katikati, bapa moja huteleza juu ya jingine. Barafu nayo, wasemavyo wataalamu, huteleza kwa sababu ya tabaka jembamba la majimaji lililo juu yake. Kwa hiyo Mmwera wa Mandawa na Mjerumani wa Bavaria wanaanguka kwa sababu zinazofanana. Ni undugu ambao hakuna balozi aliyewahi kuutaja kwenye hotuba.

La Januari ni la kushika. Hili haliangushi mtu kwa haraka, linamfuata. Hupanda na tairi, hujaza meno yote mpaka tairi jipya linakuwa kipara, kisha hujipakia chini ya madigadi ya mbele kidogo kidogo, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Injini inaunguruma, cheni inavuta, tairi la nyuma linachimba, na chombo kimesimama palepale. Ndiyo maana pikipiki nyingi huku huvuliwa madigadi ya mbele masika yakianza. Mgeni akiona atasema ni uchakavu. Wenyewe wanajua kuwa ni sare ya kazi, na dereva wake utamtambua kwa madoa yaliyopanda kutoka kidevuni hadi kwenye nyusi.

La Machi ni la kina. Kidimbwi kinakaa katikati ya njia kimetulia, kina mawingu na matawi ya mkorosho ndani yake, na hakuna ajuaye kama ni cha kifundo au cha kiuno isipokuwa aliyekwisha kuzama humo jana. Huyo hukaa kando akisubiri wenzake. Hasemi kitu. Furaha ya namna hiyo haipatikani kwa fedha.

Na tope ni mwalimu, sikatai kulipa cheo hicho. Chuo cha udereva kitakufundisha alama za barabarani, ambazo Mandawa zitakusaidia pindi zitakapowekwa. Tope hukufundisha yaliyobaki: usiguse breki ya mbele hata ukimwona mama mkwe, gia namba moja au ya pili, mafuta yaende sawasawa, usivute wala usiachie ghafla, macho yatazame mbele, wala si kwenye tairi, kwa sababu utakapotazama ndipo utakapoangukia. Punguza upepo kidogo ili tairi likanyage kwa upana. Chagua mfereji mmoja uliochimbwa na lori, uingie, ubaki humo hadi mwisho wa safari, hata kama unaona wa pili ni mzuri zaidi. Ndoa nyingi zingepona kwa somo hilo moja. Miguu ya dereva huachia vikanyagio na kuning'inia pande mbili, tayari kuchoma ardhi. Wale wa Mkutano wa Tembo, kwa kuogopa kuanguka, wengi huunga kiti chenye gurudumu la tatu ubavuni. Sisi gurudumu la tatu na la nne ni miguu ya abiria, na yeye ndiye anayelipa nauli.

Sasa nifike kwenye sifa ambayo watu wa usalama barabarani wangepaswa kuisikiliza. Tangu pikipiki ziruhusiwe kisheria kubeba abiria kwa malipo, serikali imehangaika na mambo matatu: mwendo kasi, kofia ngumu na mishikaki. Faini zimeandikwa, semina zimefanyika, vijana wamefukuzwa hadi vichochoroni. Tope limeyamaliza mawili bila semina. Hakuna mwenye mwendo kasi kwenye mteremko wenye mfinyanzi uliolowa. Anayejaribu huadhibiwa papo hapo, hapewi risiti na wala haombwi kitu kidogo. Mishikaki nayo hufa masika yakianza, kwani abiria wa pili akipanda, wote watatu wanashuka pamoja. Kofia ngumu ndiyo bado, lakini hata hapo tope limefanya lililo ndani ya uwezo wake kwa kuweka godoro chini.

Lami, ambayo kila mtu anaililia, ina tabia nyingine kabisa. Kijana aliyeendesha miaka mitano kwenye tope akiwa na michubuko ya goti tu, akiingia lami kwa wiki moja anaweza kurudishwa nyumbani amelazwa. Sisemi lami isije. Ujenzi wa kutoka Nanganga kuelekea Ruangwa tumeufurahia sote na ngoma tumecheza. Nasema tu kwamba tope likiangusha mtu linamwacha ainuke atukane.

Tope pia ni la haki. Ruangwa si wilaya ya kubezwa: imetoa Waziri Mkuu aliyekaa miaka kumi, imetoa timu ya soka ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na chini ya ardhi yake kuna madini ya kinywe yanayotafutwa na watengenezaji wa betri wa dunia nzima. Hayo yote tope limeyasikia na halikubadili tabia. Bosi wa viatu vya ngozi anavivua, anavining'iniza shingoni kwa kamba zake na kukunja suruali. Mwalimu anashuka kusukuma sawa na mwanafunzi wake. Dogo wa bodaboda, ambaye kiangazi huitwa "wewe, njoo", ghafla anakuwa "kaka", "mkuu", hata "mwanangu, nakutegemea". Nauli inapanda, na hakuna anayebishana naye katikati ya mlima huku chombo kimeelekea kwingine. Kwa miezi hiyo michache anakaribia kupata hesabu ya mwenye pikipiki na bado kubakiwa na chochote. Nasema anakaribia, kwa kuwa fundi naye anaishi kwa tope hilohilo: cheni, sproketi, breki, bearingi za magurudumu, vyote huliwa na mchanga uliomo ndani yake.

Na je, wale wa mikopo ya kausha damu? Kiangazi wanafika wakiwa wawili wawili, na daftari, wanabeba televisheni na magodoro. Januari hadi Machi wanapiga simu tu. Kuna wadaiwa huku wanaoomba mvua kwa nia ambayo Bwana Shamba haijui.

Historia nayo inalitetea. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na hapa jirani, Nachingwea. Walikuja na matrekta yaliyobaki vitani, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa, wakajenga reli na bandari mpya ya Mtwara, wakaahidi mafuta ya kula kwa Uingereza nzima. Hawakuwauliza wazee kuhusu mvua wala udongo. Mpango ulifutwa Januari 1951, hasara ikikaribia pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tope halikung'olewa. Baadaye, kuanzia 1965, wapigania uhuru wa FRELIMO walifanya mazoezi hapohapo Nachingwea, na wao waliweza kilichowashinda wenye matrekta, nafikiri kwa sababu walikuja kwa miguu.

Lakini sifa kuu ya tope la Mandawa, ile inayoipita theluji ya Wajerumani na barafu ya wale wenye misumari, ni adabu. Lina kalenda, na kalenda yake imepangwa kwa kuwastahi wakubwa. Korosho huokotwa na kuuzwa kuanzia Oktoba, njia zikiwa kavu. Ufuta huingia mnadani kuanzia Mei au Juni, njia zimekwisha kukauka. Malori ya wanunuzi hayajui tope ni nini. Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yalifika hadi kwenye maghala ambayo tulidhani hayafikiki, na tukajifunza kwamba hakuna kijiji kilicho mbali endapo kuna mzigo wa kutosha.

Tope basi linakuja lini? Linakuja pale mkulima hana cha kuuza. Januari na Februari ghala limebaki na panya, mahindi mapya bado shambani, fedha ya korosho imekwisha kuwa ada na mabati. Kinachosafiri miezi hiyo ni binadamu tu: mtoto mwenye homa ya malaria, na mama mjamzito aliyeambiwa aende kujifungulia hospitali. Huyu mama hupanda pikipiki nyuma ya dereva, ndugu yake akifuata kwa miguu na beseni, kanga na mpira wa kujifungulia. Kila mteremko hushuka, kila mlima hushuka, kwenye kidimbwi hushuka na kushikwa mikono. Mwisho wa hesabu ametembea karibu safari nzima na amelipa nauli kamili, tena ya masika. Mazoezi mepesi, wakunga husema, yanasaidia uchungu. Tope limefikiria kila kitu.

Mara moja moja linasahau adabu hiyo na kuwagusa wasiohusika. Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, mabasi na malori yalipanga foleni pande zote mbili, na taifa zima likagundua kwamba Kusini kuna tope. Mawaziri walifika, greda zikafika, kamera zikafika. Njia ikarekebishwa kwa haraka ya kupendeza. Huku ndani tuliwaonea huruma wale abiria waliokwama siku kadhaa. Wengine tuliwaonea wivu.

Nalo lina kasoro moja, nami kama msifiaji mwaminifu sitaificha: ni la aibu mno. Ikifika Juni limejificha. Agosti limegeuka vumbi zuri jekundu linaloruka nyuma ya misafara. Na uchaguzi mkuu wetu hufanyika Oktoba: 2015, 2020, 2025, zote Oktoba. Kampeni huanza Agosti, gari la mgombea linapita kilomita zote hizo bila kupunguza mwendo, yeye mwenyewe anatazama nje, anaona barabara pana iliyonyooka, na anashangaa kwa dhati wananchi wanapolalamika. Hasemi uongo. Tope na mgombea hawajawahi kukutana.

Napendekeza wakutanishwe. Tume ihamishie uchaguzi wiki ya pili ya Februari, kwa majimbo ya kwetu tu kama wenzetu hawataki. Mgombea aache gari Ruangwa mjini, apande bodaboda hadi Mandawa kwenye mkutano wake, mpambe wake apande ya pili. Viatu shingoni, suruali imekunjwa, ilani ya uchaguzi ndani ya mfuko wa nailoni. Dereva asimwambie lolote njiani isipokuwa "shuka, mheshimiwa" na "sukuma, mheshimiwa". Nauli atoe mwenyewe mfukoni, na kwa kuwa kidimbwi cha katikati kinahitaji watu wanne wa kuinua chombo, awaongeze na wao.