Sifa za Geti Linalojifungua

Wenye nyumba wa Arua, Uganda, husifu geti la umeme kwa utii wake: bonyeza rimoti, geti linafunguka, askari anaendelea kuketi. Mimi nalisifu lile lenye kisirani, linalofunguka usiku wa manane bila kuguswa na mtu, kwa sababu ndilo peke yake linalomfanya mwenyewe afikiri. Geti zima humwacha bila kujua hata ndani ya kisanduku cha mota kuna nini. Likiharibika atakifungua, na humo huenda akamkuta mjusi kafiri amekaukia juu ya bodi, au sisimizi waliohamia na udongo wao, unyevu ukiwa umeunganisha nyaya mbili ambazo fundi alizitenganisha. Kumbe geti halikuasi. Liliamriwa, likatii.

Dawa ya geti hilo ni daftari la kuandika linafunguka lini, na kwa jambo hilo Kuluva, kusini kidogo mwa mji, ina historia. Mwaka 1961 daktari Ted Williams wa hospitali ya hapo, pamoja na madaktari wenzake Denis Burkitt na Cliff Nelson, walizunguka kilomita zipatazo 16,000 kwa gari kuukuu la Ford, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine uvimbe wa taya za watoto unaonekana wapi na hauonekani wapi. Majibu yakawaelekeza kwenye joto na mvua. Geti nalo liulizwe vivyo hivyo. Likifunguka baada ya mvua tu, tafuta waya uliochubuka. Likifunguka umeme unaporudi (na mji uliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa unayajua marejeo hayo), bodi imeuchukulia mshtuko kuwa amri. Likifunguka jirani anapoingia kwake, linganisheni rimoti: zile za zamani zenye swichi nane ndogo zina misimbo 256 tu, na nyingine hubaki zilivyotoka kiwandani. Kama bado hujaelewa, toa betri za rimoti zote, kisha chomoa waya wa swichi ya ukutani, kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja.

Na mwizi je? Mwizi mwenye akili hulipenda geti tiifu lenye msimbo usiobadilika: hunasa mawimbi yake mara moja, akayarudia siku atakayo, na mwenyewe asishuku lolote. Hili bovu limeshamwamsha hata askari. Hoja inayonishinda ni mtoto anayecheza njiani pake, maana chuma hakimwoni. Kwa hilo sina utetezi. Lifunguliwe kwa ufunguo wa dharura, lisukumwe kwa mkono, na askari aongezewe posho ya kusukuma hadi daftari lijae.