Aya Zilale Zizini: Mwongozo kwa Anayehifadhi Qurani Karagwe na Kyerwa

Kwanza tafuta ng'ombe. Kama huna, tafuta mbuzi. Kama huna hata mbuzi, nenda jioni moja ukasimame karibu na zizi la jirani, iwe Nyaishozi au Kaisho, utazame mifugo inavyorudi. Mwenye zizi hana daftari. Anasimama mlangoni, wanapita mmoja mmoja, na kabla wa mwisho hajaingia ameshajua kwamba yule mwenye baka jeupe pajani hayupo. Rudi nyumbani, tawadha, fungua msahafu. Somo la kwanza la hifdhi umeshalipata, na hukulipa ada.

Mtume Muhammad (s.a.w.) alimfananisha aliyehifadhi Qurani na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia anabaki nao, akiwaachia wanakwenda zao. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Sisi huku hatuna ngamia, lakini ng'ombe wa pembe ndefu tumeishi nao tangu enzi za wafalme wa Bweranyange, na maana ya kamba iliyolegea hatuhitaji kufasiriwa. Kwa hiyo ukikaa mbele ya maalimu siku ya kwanza, usimuulize utahifadhi kurasa ngapi kwa mwezi. Muulize utazirudisha vipi zizini kila jioni zile ulizokwisha kuzipata. Ukiona anatabasamu, umepata maalimu.

Sasa tupige hesabu. Msahafu wa chapa ya Madina, ule ambao wengi wetu tunao, una kurasa 604 zenye mistari 15 kila mmoja, na juzuu moja ni kama kurasa 20. Anayehifadhi ukurasa mmoja kila siku bila kukosa atamaliza kwa mwaka mmoja na miezi minane hivi. Anayehifadhi nusu ukurasa atamaliza kwa miaka mitatu na miezi minne. Na anayehifadhi mistari mitatu tu, ambayo unaweza kuimaliza maji ya chai hayajachemka, atafika mwisho baada ya miaka minane na kitu. Vijana wakisikia miaka minane wanakunja uso. Lakini mtoto wa miaka sita anayeanza leo atakuwa na miaka 14 akishika juzuu zote 30, na mama wa miaka 40 atakuwa na 48, umri ambao angeufikia hata kama asingehifadhi neno. Qurani yenyewe iliteremka kwa muda wa miaka kama 23. Mimi nakuomba uchague mistari mitatu. Anayeanza na ukurasa mzima mwezi wa Juni, kahawa zikiwa zimeiva, Septemba utamkuta ameacha.

Anza nyuma. Juzuu Amma ina sura 37, kuanzia An-Nabaa mpaka An-Nas, na nyingi umeshazisikia msikitini tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako. Hizo ni ndama waliozaliwa nyumbani; wanakujua. Ukishazifunga vizuri ndipo uende Al-Baqara, ambayo ni kundi zima la aya 286 na ina njia yake ya kutisha watu.

Halafu fanya jambo ambalo jirani yako atalishangaa: isikilize adhana ya alfajiri ya Dar es Salaam redioni, kisha usiswali. Jua huchomoza kwao kabla ya kwetu, na kati ya Kayanga na Dar es Salaam tofauti ni kama nusu saa. Muadhini wa redio anapowaita watu wa Kariakoo, hapa kwetu bado ni usiku wenye baridi na ukungu umelala mabondeni. Hiyo nusu saa ni yako. Watu wa pwani wameshaanza siku, wewe umepewa kipande cha usiku kilichobaki, saa ambayo hakuna anayekutafuta, simu haiiti, na ng'ombe hajaanza kudai malisho. Hifadhi mistari yako mitatu hapo. Isome mara 20 ukitazama, mara 20 bila kutazama, kisha ukaisome katika swala ya alfajiri yenyewe, ikiwa bado ina moto.

Baada ya hapo msahafu unarudi kwenye kitambaa chake, kwa sababu vumbi jekundu la barabara zetu na mvua za vuli havina heshima kwa karatasi. Uwe na msahafu mmoja, usibadilishe. Jicho linakumbuka mahali: aya ile ilikuwa juu kushoto, ile nyingine ilivuka ukurasa. Ukibadilisha chapa kila mwezi ni kama kuhamisha zizi kila wiki, mifugo itapotea njia.

Kisha nenda kazini na aya zako. Hapa ndipo wilaya zetu mbili zilipobarikiwa kuliko miji mikubwa, kwa sababu kazi zetu nyingi zinashika mikono na kuacha ulimi bure. Kahawa iliyoanikwa lazima igeuzwe mara kwa mara isioze upande mmoja. Kila ukiigeuza, soma ukurasa mmoja wa zamani. Ukurasa nao unaoza upande usioguswa. Mama anayemenya ndizi za mchana anaweza kuisoma Al-Mulk, yenye aya 30, kabla sufuria halijajaa. Palizi ya maharage ifuate tuta kwa tuta: tuta moja ukurasa mmoja, na ukikwama simama hapo hapo na jembe lako mpaka neno lije, au mtu wa tuta la pili akukumbushe. Nimewahi kufanya palizi na mtu aliyekuwa akihifadhi Yasin, na siku ile shamba lote liliijua Yasin, hata majirani zetu Wakristo waliokuja kutusaidia. Mmoja wao ndiye aliyemkumbusha neno lililomponyoka.

Na ng'ombe uwasomee. Nasema hivyo nikimaanisha. Mtoto anayechunga anapitisha saa nyingi bila mtu wa kumsikiliza, na aibu ya kukosea mbele ya watu ndiyo inayowafunga wengi midomo. Ng'ombe hacheki. Asome kwa sauti mpaka kilima kijibu. Akizoea kuisikia sauti yake mwenyewe porini, hatatetemeka akisimamishwa mbele ya maalimu Ijumaa.

Maalimu ni lazima. Simu ni nzuri, na ndani yake unaweza kumweka Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye mwaka 1961 alitoa rekodi ya kwanza ya Qurani nzima kwa kisomo cha murattal, tena polepole, kila herufi imekaa mahali pake. Msikilize yeye mmoja, usirukeruke kwa wasomaji kumi. Lakini Husary hakusikii. Ukisema "kalb" badala ya "qalb" hatakuambia kwamba umeuacha moyo ukamchukua mbwa. Anayekusikia ni mtu aliyekaa mbele yako.

Juu ya ulimi nina neno, kwa sababu watoto wetu huambiwa kwamba ulimi wa bara ni mzito. Ni kweli kwamba Kinyambo hakina qafu wala dhadi, na r na l zinatusumbua. Hizo zinafundishika kwa wiki chache mbele ya mtu mvumilivu. Kinyambo kina kitu ambacho Kiswahili cha mjini hakina: irabu ndefu na irabu fupi zinazobadilisha maana. Bibi yako hakuwahi kufundishwa madda, lakini vuta irabu mahali ambapo haikutakiwa kuvutwa, atakuuliza umesema nini. Sikio hilo ndilo linalotakiwa na nusu ya tajwidi. Maalimu akuonyeshe tu kwamba unalo tayari, na kwamba unalitumia kila siku ukiomba chumvi.

Wala asikuambie mtu kwamba Qurani ilifika huku jana. Kafuro, karibu na Bweranyange, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika karne ya 19. Mmoja wa walioishi hapo ni Ahmed bin Ibrahim, ambaye mwaka 1844 alikuwa amefika mpaka baraza la Kabaka Suna wa Pili, na historia ya Waislamu wa Buganda inamtaja yeye kuwa ndiye aliyemsikilizisha Kabaka maneno ya Mwenyezi Mungu. Mpelelezi Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876 alimkuta bado yuko Kafuro. Basi mtoto wa Nkwenda anayesoma Al-Fatiha leo anasoma kitu ambacho vilima hivi vimekisikia kabla reli haijafika Mwanza.

Sasa fimbo. Chuo nilichosoma udogoni kilikuwa na fimbo ya mpera iliyolazwa juu ya meza, na maalimu wetu hakuwa mtu mbaya, alifundisha kama alivyofundishwa. Sura niliyohifadhi nikiitazama fimbo ile niliisoma bila kosa kwa miaka miwili. Nilipohama chuo, fimbo ikabaki kule na sura ikabaki nayo. Nilikuja kuihifadhi upya nikiwa mtu mzima, na sehemu ile ile niliyopigiwa ndiyo iliyokuwa ngumu kurudi. Nikiifikia koo linakauka. Wenzangu watatu waliokaa nami kwenye mkeka ule hawajafungua msahafu mpaka leo. Ukiwa mzazi, kabla hujampeleka mtoto, kaa nje ya chuo dakika 10 usikilize. Ukisikia watoto wanacheka katikati ya somo, mwandikishe. Mfugaji anayejua kazi hampigi ndama anayetaka kumfunga. Humkuna shingo, akamvisha kamba akiwa ametulia.

Na wiki ya senene mpe mtoto likizo. Novemba senene wakianguka, taa zikawashwa na vijiji vizima viko nje na ndoo, hakuna mtoto atakayebaki na Surat An-Naziat kichwani. Mpunguzie: asilete mistari mipya, arudie tu ya zamani, na maalimu aletewe sahani yake.

Uelewe unachosoma, hata kwa kiasi. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitupa tafsiri kamili ya Kiswahili mwaka 1969, na Sheikh Ali Muhsin Barwani akatupa yake mwaka 1995. Kabla ya kuhifadhi ukurasa, usome kwa Kiswahili mara moja. Aya ambayo hujui inasema nini ni mgeni uliyemkaribisha bila kumuuliza jina. Akiondoka usiku hutajua umwite vipi arudi.

Nimeacha mwisho jambo linalowaangusha hata waliokwisha kuhitimu, nalo ni aya zinazofanana. Ar-Rahman ina aya moja inayorudi mara 31. Al-Mursalat ina yake inayorudi mara 10. Hizo hazina hila, zinatangaza kwamba zinarudi. Zenye hila ni zile zilizofanana kama ndama mapacha, moja iko Al-Baqara na nyingine iko Al-A'raf, na ulimi unaanza kwenye moja unamalizia kwenye nyingine bila wewe kuhisi. Mfano ni amri waliyopewa Wana wa Israili walipoingia mjini. Katika aya ya 58 ya Al-Baqara, kuingia mlangoni kwa kusujudu kumetangulia na kusema "hitta" kumefuata. Katika aya ya 161 ya Al-A'raf mpangilio umegeuka. Chukua daftari la kurasa 40, gawa kila ukurasa katikati, andika moja huku na nyingine kule, na lile baka jeupe, yaani neno linalozitofautisha, lipigie mstari kwa kalamu nyekundu. Wafugaji wetu huwapa ng'ombe majina kwa rangi na pembe zao kwa sababu hiyo hiyo: aliyefanana na mwenzake humtambua kwa kilicho chake peke yake.

Kisha kila usiku, baada ya isha, simama mlangoni mwa zizi. Rakaa mbili za sunna, taa imezimwa, na usome humo kurasa za zamani, si mistari ya leo. Ndani ya swala hakuna msahafu wa kuchungulia wala mtu wa kukunong'oneza. Wanapita mmoja mmoja.

Jana nilikuwa na As-Saffat. Nikafika kwenye zile salamu zinazofuatana, ya Nuh, ya Ibrahim, ya Musa na Harun, ya Ilyas, na baada ya kila moja inakuja aya ya kusema kwamba hivyo ndivyo wanavyolipwa watendao mema. Ya Nuh ikapita. Ya Ibrahim nikaisoma, na nilipokuwa nimeshafika kwa Ilyas nikahisi mlangoni kuna pengo. Nikamaliza swala, nikatoa salamu, nikakaa kimya kidogo kwenye mswala. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Nikanyoosha mkono, nikawasha tochi, nikafungua kitambaa. Aya ya 110: ile inayofuata salamu ya Ibrahim haianzi na "inna" kama wenzake. Mimi nilikuwa nimemvisha alama isiyo yake. Nikaisoma mara 20 nikitazama, mara 20 bila kutazama, kisha nikazima tochi nikasimama tena kwa rakaa nyingine mbili.